Homa isiyoisha kwa mwenye shida ya moyo: tuanze na kuotesha damu, kingamwili, eko au PCR?

Alikuja na wifi yake kutoka kijiji kimoja cha Igunga, amejifunga kitenge juu ya kitenge kwa baridi ambayo sisi wengine hatukuisikia. Homa ilikuwa imetimiza miezi mitatu. Ndani ya mfuko walibeba vyeti vyote: malaria imepimwa mara nne, Widal, kile kipimo cha homa ya matumbo, mara mbili, mkojo mara moja. Alikwisha kumeza dawa mseto, akachomwa seftriaksoni siku tano, akamalizia na siprofloksasini ya duka la dawa. Nilipoushika mkono wake kutafuta mshipa, chini ya kucha mbili nikaona vistari vyembamba vya rangi ya damu iliyokauka, kama vibanzi vya kuni vilivyochoma na kubaki humo. Nikamuuliza kama ni kuni.

"Hapana, baba. Vimekuja vyenyewe."

Wifi yake akanivuta pembeni. "Kaka, tumeuza mbuzi wawili kufika hapa. Hela iliyobaki haitoshi vipimo vyote alivyoandika daktari. Tuanze na kipi?"

Mimi ni mtu wa maabara, na swali hilo nimeulizwa hapa Tabora na watu wengi kwa namna nyingi. Halina jibu moja kwa kila mgonjwa, lakini lina jibu kwa kila mgonjwa mmoja mmoja, na jibu hilo hutoka kwenye mambo mawili ambayo ndugu wanayajua kuliko maabara: dawa gani zimeshaingia mwilini, na mgonjwa ameishi karibu na nini.

Kwanza ugonjwa wenyewe kwa ufupi: ni maambukizi ya valvu za moyo, kitaalamu endokaditisi. Moyo una valvu nne, milango inayoruhusu damu kwenda mbele bila kurudi nyuma. Vimelea vikipita kwenye damu na kunata juu ya valvu iliyochubuka, vinajijengea kinundu cha nyuzi za damu na kujificha humo. Vipande vya kinundu humeguka na kusafiri mpaka kwenye ubongo, figo, wengu, na hata chini ya kucha. Kwetu valvu nyingi huharibika utotoni, pale maumivu ya koo yasiyotibiwa yanapozaa homa ya rumatiki. Wengine wana valvu za bandia. Mara nyingi wahusika ni Stafilokoki, Streptokoki na Enterokoki, ambao huota maabara bila taabu. Shida ni wale wachache wasioota kirahisi, au wasioota kabisa: Koksiela anayeleta homa ya Q, Brusela, Bartonela, Tropherima, na kundi la vimelea wa kinywani linaloitwa HACEK.

Nawaita wachache, ingawa sina hakika kama ni wachache kiasi tunachodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mjini Moshi. Asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa magonjwa ya wanyama, homa ya Q ilikuwa asilimia 5.0 na brusela asilimia 3.5. Moshi si Tabora. Mkoa wetu ni kati ya yenye malaria nyingi nchini, na malaria lazima ipimwe. Lakini kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na kitu kingine, na sisi tuna ng'ombe na mbuzi wengi.

Kuotesha damu

Hiki ndicho kipimo ninachokitetea kuliko vyote, na ndicho kinachoharibiwa zaidi kabla mgonjwa hajatufikia. Damu inachotwa, inaingizwa kwenye chupa zenye chakula cha vimelea, inatunzwa kwenye joto la mwili, kisha tunasubiri kuona nini kinaota. Kikiota, tunapata jina la kimelea na pia tunajua dawa gani inakiua. Hakuna kipimo kingine kati ya hivi vinne kinachotoa majibu hayo mawili kwa pamoja.

Masharti yake ni magumu kidogo. Zinatakiwa seti tatu, kutoka sehemu tofauti za mwili, na kila seti ya mtu mzima ni kama mililita 20 zilizogawanywa kwenye chupa mbili. Ndugu wengi hushtuka hapa, husema tunammaliza damu. Jumla ni mililita 60, yaani vijiko vinne vya chakula. Mtu anayejitolea damu hutoa mililita 450 kwa mkupuo mmoja. Tukichukua kidogo tunajidanganya, kwa sababu kwenye ugonjwa huu mililita moja ya damu inaweza kuwa na vimelea wachache mno. Na tukichukua chupa moja tu, kikiota kimelea cha ngozi hatutajua kama ni cha kwenye valvu au ni cha mkono ambao spiriti haikupewa muda wa kukauka.

Si lazima kusubiri homa ipande. Nimeona mgonjwa akikaa usiku mzima bila kuchukuliwa damu kwa sababu joto lilikuwa limeshuka. Valvu iliyoambukizwa humwaga vimelea kwenye damu muda wote, homa iwepo isiwepo. Chupa zikishajazwa hazitakiwi kuingia kwenye friji hata kidogo. Zikae kwenye joto la kawaida na zifike maabara siku hiyo hiyo.

Sasa udhaifu wake. Sababu kubwa ya damu kutootesha kitu kwa mtu mwenye ugonjwa huu ni antibiotiki zilizotangulia, kabla hata hujafikiria vimelea adimu. Sindano moja ya seftriaksoni inaweza kunyamazisha chupa zote, na valvu ikabaki na vimelea vyake. Ndiyo maana Widal inaniumiza roho. Mtu anapimwa Widal, inasoma chanya kama inavyosoma kwa watu wengi wazima, anapewa siprofloksasini, homa inatulia wiki mbili, inarudi, na sisi tumepoteza nafasi ambayo hatutaipata tena kwa urahisi. Kama hali ya mgonjwa ni tulivu, daktari anaweza kuamua kusitisha dawa siku kadhaa na kuchukua damu upya. Huo si uamuzi wa kufanywa nyumbani. Na kama mgonjwa anazidiwa, damu ichukuliwe palepale na dawa ianze palepale. Seti tatu hazihitaji siku nzima.

Udhaifu wa pili ni wa vimelea wenyewe. HACEK walikuwa na sifa ya kuchelewa, lakini kwenye mashine za kisasa huonekana ndani ya siku tano za kawaida. Brusela naye mara nyingi hutokea ndani ya wiki. Pasipo na mashine, ambapo chupa hutazamwa kwa macho, inafaa zisitupwe mapema, zikae hata wiki kadhaa. Bartonela huota kwa shida sana. Koksiela haoti kabisa kwenye chupa zetu, kwa sababu huishi ndani ya seli hai tu. Tropherima ni mgumu kiasi kwamba kuoteshwa kwake kwa mara ya kwanza kwa mafanikio kulitangazwa mwaka 2000, ingawa ugonjwa wake ulielezwa tangu 1907.

Niongeze jambo ambalo wagonjwa hawalioni. Brusela anayeota kwenye sahani ya maabara huambukiza anayemfungua, kwa kuvutwa na pumzi tu. Fomu ikiandikwa "homa" peke yake, tunafungua sahani mezani kama kawaida. Ikiandikwa "mfugaji, anakunywa maziwa mabichi, homa miezi mitatu", tunaifungua ndani ya kabati la usalama. Ndugu yangu mgonjwa, mwambie daktari aandike hayo. Unatulinda na sisi.

Kingamwili

Hapa hatumtafuti kimelea. Tunatafuta alama ambazo mwili umeziweka baada ya kukutana naye. Tofauti yake kubwa na kuotesha, na kwa mama yule ndiyo iliyoamua, ni kwamba antibiotiki za wiki iliyopita haziifuti. Kingamwili zinabaki pale pale. Inahitaji damu kidogo, ikiachwa igande yenyewe kisha ikazungushwa kwenye mashine unapata seramu, maji ya rangi ya majani makavu juu ya damu iliyotulia. Seramu ina tabia kinyume na chupa za kuoteshea: inapenda baridi, na kwenye friza inasubiri gari la rufaa bila kuharibika.

Kwa Brusela kipimo cha haraka ni Rose Bengal. Unadondosha tone la seramu kwenye kigae cheupe, pembeni tone la dawa ya rangi ya waridi, unachanganya na kutikisa taratibu kwa dakika nne. Ikibaki laini kama juisi, hakuna. Ikijikusanya vipunje vipunje kama maziwa yanayoanza kukatika, ipo. Ni kizuri, ni cha bei ndogo. Lakini mfugaji aliyekunywa maziwa mabichi tangu utoto anaweza kusoma chanya kwa ugonjwa wa zamani, hivyo lazima kifuatwe na kipimo cha kuhesabu kiwango, ambacho wengi hukichukulia kwa uzito kikifika 1:160, yaani seramu iliyopunguzwa makali mara 160 bado inajibu. Vile vipimo vya "brusela" vya matone ambavyo hufanywa pamoja na Widal kwenye vituo vidogo ni kitu kingine; hutoa chanya za uongo nyingi mno, na mimi singemwanzishia mtu dawa za miezi kwa cheti hicho peke yake.

Kwa homa ya Q kingamwili ndicho kipimo chenyewe, si mbadala. Ugonjwa huu ulielezwa na Edward Derrick huko Australia mwaka 1937, na Q ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kuuliza swali, maana hakuna aliyejua chanzo chake. Koksiela hukaa kwenye mbuzi, kondoo na ng'ombe, na hujaa zaidi kwenye kondo la nyuma na maji ya uzazi. Anayemsaidia mbuzi kuzaa humvuta kwa hewa. Mwili hutengeneza kingamwili za awamu mbili, na majina yake huwachanganya watu: za awamu ya pili hupanda kwanza, kwenye homa mpya, za awamu ya kwanza hupanda sana pale ugonjwa unapokuwa umejikita, kwa mfano kwenye valvu. Kiwango cha awamu ya kwanza kikizidi 1:800, vigezo vya Duke, ambavyo madaktari huvitumia duniani kuamua kama kweli ni maambukizi ya valvu, hukihesabu kuwa kigezo kikubwa, sawa na damu iliyootesha.

Bartonela ana njia mbili, paka na viroboto vyao kwa aina moja, chawa wa mwilini kwa aina nyingine. Wasomaji wa Kigoma wanalo la kuzingatia hapa: miaka ya 1990, kwenye kambi za waliokimbia vita ndani ya Burundi, chawa wa nguo walieneza taifasi pamoja na homa ya mahandaki, na homa ya mahandaki ni huyu Bartonela. Mtu aliyewahi kuishi kambini, gerezani au mahali pa msongamano pasipo maji ya kufulia aseme bila haya. Chawa hawachagui mtu mbaya. Tangu vigezo vya Duke vilipoboreshwa mwaka 2023, kiwango cha 1:800 au zaidi kwa Bartonela nacho kinahesabika kuwa kigezo kikubwa. Dalili moja ya bei ndogo: wengi wao mkojo huonyesha damu na protini, na mtu hutibiwa figo huku chanzo kikiwa moyoni. Kingamwili zake wakati mwingine huingiliana na za Koksiela na Klamidia, kwa hiyo viwango vilinganishwe, kisichukuliwe kimoja peke yake.

HACEK na Tropherima hawana kipimo cha kingamwili cha kutegemea. Kwao njia hii haisaidii.

Eko

Watu hunipinga ninaposema eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, si mshindani wa hivi viwili. Eko inaonyesha valvu ilivyo: imenenepa, inavuja, ina kinundu, ina jipu pembeni. Haisemi kimelea ni nani. Lakini bila eko, kimelea ukishamjua hujui kama yuko kwenye valvu au anapita tu.

Ziko mbili. Ya kifuani haiumi, haihitaji maandalizi, na kwa valvu ya asili huona takribani mgonjwa saba kati ya kumi. Ya kumeza, ambapo kifaa kinashushwa kooni mpaka nyuma ya moyo baada ya kukaa bila kula, huona zaidi ya tisa kati ya kumi, na kwa mwenye valvu ya bandia ndiyo inayotakiwa. Ningeanza na ya kifuani kwa kila mtu. Ikiwa safi na shaka bado ipo, irudiwe baada ya siku tano hadi saba au ifanywe ya kumeza.

Tahadhari kwa wafugaji: homa ya Q hujenga vinundu vidogo sana, au hata visivyoonekana. Eko ya mama yule ilisoma "valvu ya mitrali imenenepa na inavuja, hakuna kinundu". Kwenye ugonjwa wa Stafilokoki maneno hayo yangenipa unafuu. Kwa mtu aliyeshika mbuzi aliyetupa mimba hayakunipa unafuu wowote.

PCR

Tangu Uviko kila mtu anaijua PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, na wengi huiomba wakidhani ni kubwa kuliko vyote. Kwa ugonjwa huu ubora wake unategemea umeipa nini. Ukiipa kipande cha valvu kilichotolewa kwenye upasuaji, ni bora kuliko kuotesha, hata baada ya antibiotiki, na kwa Tropherima karibu ndiyo njia pekee. Ukiipa damu ya kawaida, ikisoma chanya inasaidia sana, ikisoma hasi haijasema kitu. Tena husoma vinasaba vya vimelea vilivyokwisha kufa, kwa hiyo chanya baada ya matibabu si lazima iwe ugonjwa uliorudi.

Kwa hiyo mtu asiye na safari ya upasuaji asiuze mbuzi kwa ajili ya PCR ya damu. Mwenye safari ya upasuaji, kwa mfano anayekwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, ana jambo moja la kuomba kabla ya siku yenyewe: valvu ikitolewa, igawanywe. Sehemu iende kwenye chombo safi kisicho na dawa, kwa kuotesha na PCR. Sehemu nyingine iende kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini. Valvu yote ikizamishwa kwenye fomalini haitaota tena kitu, na vinasaba vyake huharibika.

Basi uchague vipi

Kama hakuna antibiotiki iliyoingia bado, hela ya kwanza ni ya kuotesha damu seti tatu, hata kama mgonjwa ana mbuzi mia. Eko ya kifuani ifuate. Kingamwili zinaweza kusubiri wiki, kuotesha hakuwezi.

Kama antibiotiki zimeshaingia, damu ya kuotesha bado ichukuliwe, lakini usiitegemee peke yake. Hapo eko na kingamwili hupanda juu. Usiombe kingamwili za kila kitu. Maziwa mabichi na ng'ombe wanaotupa mimba, anza na Brusela; mbuzi na kondoo wanaozaa, anza na Koksiela; paka wadogo au chawa, Bartonela. Asiye na lolote kati ya hayo lakini ana meno mabovu na hajatumia dawa, HACEK watajitokeza kwenye chupa. Mzee mwenye maumivu ya viungo ya miaka, valvu inaharibika bila homa, chupa hazioti, kingamwili hakuna: huyo ni wa Tropherima, na swali lake ni la wapasuaji.

Aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa homa ndefu bila makohozi kuthibitisha, alitaje hilo mapema. Rifampisini humpunguza Brusela bila kummaliza, mgonjwa akapata nafuu ya kupotosha.

Kutofautisha huku si ushabiki wa maabara. HACEK hutibiwa kwa seftriaksoni kama wiki nne. Brusela huhitaji mchanganyiko wa dawa kwa miezi mitatu au zaidi, na mara nyingi upasuaji. Homa ya Q kwenye valvu ya asili hutibiwa kwa doksisaiklini na haidroksiklorokwini kwa miezi isiyopungua 18. Ukikosea jina, umekosea dawa na umekosea muda.

Wifi nilimjibu hivi: "Dada, chupa tutachukua, ila dawa alizomeza zinaweza kuzinyima majibu. Weka hela kwenye eko na kwenye seramu ya homa ya Q na Brusela." Akamgeukia mgonjwa, wakasemezana Kinyamwezi, kisha mgonjwa akanieleza kwa utulivu jinsi mbuzi wawili walivyotupa mimba mwanzoni mwa masika na alivyowavuta watoto kwa mikono, akalizika kondo nyuma ya zizi kwa jembe.

Chupa hazikuota kitu. Rose Bengal ilibaki laini. Seramu ilisafiri kwenye boksi la barafu, na majibu ya awamu ya kwanza yaliporudi yalikuwa yamepita 1:800 kwa mbali. Mgonjwa anaendelea na dawa zake na huja kupimwa upya kila baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa kiwango hicho kinatakiwa kionekane kikishuka. Seramu ya siku ya kwanza sikuimaliza. Ipo kwenye friza, kichupa kimeandikwa tarehe kwa kalamu nyeusi, na kila akija inapimwa tena pamoja na ile mpya, kwenye mzunguko mmoja, ili tofauti tunayoisoma iwe ya damu yake na si ya mikono yetu.